Debe la Mchumaji

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



 Wenzangu walionitangulia wameeleza habari za maghala, mitambo na bei ya kahawa, na wameeleza vizuri kupita nitakavyoweza mimi. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya Bwana Mwenyekiti niseme habari ya watu ambao hawamo katika mkutano huu, ijapokuwa magunia mengi yaliyotoka katika maghala yetu yalipita kwanza mikononi mwao. Watu hao ni vibarua wetu wa kuchuma kahawa.

Najua wako watakaouliza: habari ya kibarua yahusu nini sikukuu ya Chama cha wakulima? Nitajibu kwa kuwakumbusha sisi ni wana wa nani.

Katika siku za utawala wa Waingereza, nchi hii ya Songea yote, pamoja na milima yetu ya Umatengo, ilijulikana sana kwa jambo moja: ilikuwa mahali pa kupata watu wa kazi. Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na mashamba yake yalipoenea huko Tanga na kwingineko yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu. Wenye mashamba wakatuma watu wao huku kusini kuandika vibarua. Mwaka 1944 waliunda hata ofisi yao maalum ya kazi hiyo, iliyoitwa SILABU, ambayo iliendelea mpaka mwaka 1965. Babu zetu walisafirishwa mbali na wake zao na mashamba yao, wakapewa jina la manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake.

Huko walifanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30, na mtu hakulipwa mpaka nafasi zote zimejaa. Kazi ya siku ilipimwa, na aliyeshindwa kuimaliza, awe mgonjwa au mchovu, siku yake haikuandikwa. Mtu aliweza kutoa jasho asubuhi hadi alasiri, na jasho hilo likahesabiwa kuwa si kitu. Wazee waliorudi hawakulalamika sana juu ya ugumu wa kazi, maana mtu wa jembe haogopi kazi. Walilalamika juu ya kipimo: kwamba aliyepima alikuwa mwingine, na aliyepimiwa hakuwa na neno.

Kahawa ndiyo iliyowapa wazee wetu njia nyingine. Walipanda mibuni, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, ili wauze mazao yao kwa pamoja. Tangu hapo mtu wa milima hii aliweza kulipa ada ya mtoto bila kuiacha nyumba yake. Tumepita katika mengi baada ya hapo. Vyama vikuu vilivunjwa nchini pote mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Chama hiki chetu ni mtoto wa miaka kumi tu. Lakini mizizi yake ni ile ile: ni watu waliokataa kupimiwa na mwingine bila ya kuwa na neno.

Wala si sisi peke yetu. Wale watu 28 wa mji wa Rochdale huko Uingereza, ambao duka lao la mwaka 1844 hutajwa katika kila darasa la ushirika, walianza kwa kuuza unga, sukari, siagi na mishumaa. Sifa yao haikuwa wingi wa bidhaa. Ilikuwa kwamba unga wao haukuchanganywa na kitu, na ratili yao ilikuwa ratili kamili. Na hapa nchini, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma waliweka watu wao wenyewe kusimama penye mizani ya wanunuzi na kuhakikisha uzito. Katika kazi hiyo ndogo ya kutazama mizani kilizaliwa chama kikubwa cha ushirika cha Kanda ya Ziwa, Victoria Federation, mwaka 1955. Ndugu zangu, ushirika ulianza penye mizani.

Basi leo sisi ndio tunaoandika vibarua. Tumtazame mchumaji mmoja, tuseme ni mama aliyepanda huku kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwezi ni Julai. Kwao ni nchi ya joto, na baridi ya Julai ya huku mnaijua wenyewe. Amelala juu ya magunia katika ghala pamoja na wenzake watano, blanketi moja kwa watu wawili. Ameamka jogoo la kwanza. Akifika shambani majani ya mibuni yamejaa umande, na kabla hajajaza kikapu kimoja kanga yake imelowa hadi kiunoni.

Huvuta tawi kwa mkono mmoja polepole lisije likavunjika, na kwa mkono wa pili huchuma tunda moja moja jekundu, akiliacha la kijani liive. Kwa kuwa matunda ya mbuni hayaivi yote pamoja, mti huo huo ataurudia tena baada ya siku kadhaa. Mtoto wake mchanga amelazwa chini ya mgomba, na kila aliapo mama hana budi kuchagua, anyonyeshe au ajaze debe. Adhuhuri hula ugali na maharage, na katika nyumba nyingine bei ya chakula hicho hukatwa katika ujira wake bila yeye kuambiwa mapema ni kiasi gani.

Jioni hujitwika mzigo wake, akashuka na kupanda vilima hivi mpaka nyumbani kwa mwenye shamba. Hapo ndipo kazi ya siku inapopimwa. Mwenye shamba hulitikisa debe, matunda yakashuka. Huongeza, akatikisa tena. Kisha huagiza liongezwe mpaka lifanye kilele kama paa la msonge. Hilo ndilo huitwa debe moja. Mama akiuliza habari ya fedha, huambiwa, “Subiri tulipwe na chama.”

Mabwana na mabibi, sisi tunalijua neno la Kiswahili la kilele hicho. Mfanyabiashara akija kununua viazi au mahindi yetu, akashonea kofia juu ya gunia ili liingie zaidi, huiita kazi hiyo lumbesa. Sisi hupiga kelele, na ni haki yetu, maana sheria ya vipimo inaikataza. Lakini ni lipi lililo tofauti kati ya gunia lenye kofia na debe lenye kilele? Mimi silioni, ila kwamba katika gunia tunaibiwa sisi, na katika debe anaibiwa mwingine.

Nami kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, niruhusuni nifanye hesabu moja fupi. Tuseme kilele ni sehemu moja ya sita ya debe. Tuseme mchumaji hodari huleta madebe matatu kwa siku. Kwa siku 30 ataleta madebe 90, na vilele vyake vitakuwa sawa na madebe 15. Madebe 15 kwa mchumaji wa madebe matatu ni kazi ya siku tano. Yaani katika kila siku 30 tano hazikuandikwa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwa mchumaji haba hiyo hiyo hukipunguza kibaba chake. Wazee waliokwenda Tanga wangekijua kipande hicho mara moja.

Sasa nisije nikaonekana kuwa nawasingizia wanachama. Mkulima mwenye mibuni mia tatu si bwana mkubwa. Yeye mwenyewe huchuma tangu alfajiri pamoja na mkewe. Anadaiwa mbolea, anadaiwa dawa ya chulebuni, ana mtoto sekondari. Kahawa yetu hupita mnadani, na fedha ya kwanza apatayo si bei yake yote. Miezi ile ya njaa, Februari na Machi, wengine huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, ile biashara ambayo huku tunaiita magoma na ndugu zetu wa Kagera huiita butura. Basi mtu wa namna hiyo atamlipaje kibarua kila juma, na mfukoni hana hata shilingi? Mkono mtupu haulambwi. Hilo ni kweli, na ye yote atakayemlaumu mkulima bila kulitaja jambo hili hajamtendea haki.

Lakini natazama, na naona kwamba dhiki hushuka kama maji ya mvua kwenye mteremko. Mnunuzi akichelewa, Chama huchelewa. Chama kikichelewa, mkulima huchelewa. Na aliye chini kabisa, ambaye hana mbuni, hana hisa, wala hana mjumbe, hujikuta amebeba madeni yetu sote. Huondoka mwisho wa msimu na ahadi tu. Wahenga wetu wa milima hii walichimba ngoro ili maji yasishuke yote kwa kasi na kuchukua udongo. Kila shimo lilizuia sehemu yake. Nasi yatupasa kuchimba ngoro katika jambo hili, kila mmoja azuie mahali pake.

Wala msidhani nawaomba sadaka. Mchumaji ajuaye kwamba debe lake litafanywa kilele hawezi kuchagua tunda moja moja. Hulikwanyua tawi zima, jekundu na kijani pamoja, maana anatafuta wingi. Mkulima hulijaza debe lake, kisha hushangaa kahawa yake inaposhuka daraja. Kilo moja ya kahawa ya maganda iliyokauka hutaka kama kilo tano za matunda mabivu, na tunda la kijani huharibu jirani zake. Fedha tunayodhani tumeiokoa nyumbani penye debe, twaiacha mnadani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mambo haya yapelekwe katika mikutano ya vyama vya msingi kabla ya msimu ujao.

Kwanza, kila chama kiwe na debe moja la kipimo, la lita 20, na kila mwanachama aletee lake lilinganishwe na kutiwa alama. Debe lijae mpaka ukingoni, lifutwe kwa kijiti, basi.

Pili, vyama vitenge akiba kidogo katika ushuru wao, iwe mfuko wa ujira wa mavuno. Mwanachama akopeshwe humo fedha ya kulipa wachumaji kila Jumamosi, na deni likatwe kahawa yake ikiuzwa. Mfuko huo utamwokoa mkulima na magoma, na utamwokoa mchumaji na ahadi.

Tatu, kila mchumaji awe na kijidaftari chake, na kila jioni madebe yaandikwe mbele yake katika vitabu viwili, chake na cha mwenye shamba. Gharama ya chakula, kama ipo, ielezwe siku ya kwanza.

Nne, apewe mahali pakavu pa kulala, mbali na mbolea na dawa, na blanketi lake.

Tano, watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Sisi tuliojenga madarasa kwa fedha ya kahawa hatuwezi kuchuma kahawa hiyo kwa mikono ya watoto waliotoroka madarasani.

Wako watakaosema kwamba kibarua hakulazimishwa. Alikuja mwenyewe na kukubali. Na babu zetu je? Wao nao walitia kidole gumba katika karatasi ya mkataba. Mtu mwenye njaa hukubali mengi. Kukubali kwake hakugeuzi debe moja na sehemu ya sita kuwa debe moja.

Miaka kumi ni umri mdogo, lakini ni umri wa kutosha wa kuonyesha tabia ya mtoto. Mgeni akitaka kujua tabia ya Chama chetu, tutamwonyesha maghala, na tutamwonyesha vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Ningependa kwamba katika miaka kumi ijayo tuweze pia kumpeleka katika ua wa mwanachama ye yote, jioni ya Julai, asimame penye debe na kutazama linavyopimwa, nasi tusiwe na sababu ya kumwomba atazame kando.

  Ushirika udumu.