Baraza la Ushauri la Elimu Katika Parokia



Baba Askofu, mapadre, watawa, walimu wapenzi, nanyi akina baba na akina mama mliotoka katika parokia zetu: nimepewa kazi ya kunena habari ya Baraza la Ushauri la Elimu katika parokia, jinsi linavyotawaliwa, na mpaka wa kazi yake. Neno hili si la mapadre peke yao, wala si la walimu peke yao. Mwenye mtoto shuleni linamgusa, na mjane aliyetoa kuku wake katika mavuno ili darasa liezekwe, naye linamgusa vile vile.

Kwanza yatupasa kupatana juu ya jina. Baraza hili laitwa la ushauri. Watu wakisikia hivyo, wengi hupotea kwa njia mbili. Mmoja husema, "Kama ni ushauri tu, kwa nini nipoteze Jumamosi yangu?" Mwingine, akiisha kuchaguliwa, hujiona kuwa mwenye shule, humwita mwalimu mkuu na kumwamuru amfukuze huyu na kumwajiri yule. Nami nadhani kosa la kwanza ndilo lizaalo la pili: mtu asiyesikilizwa siku nyingi, siku apatapo nafasi hutaka kutawala.

Basi, mwenye mamlaka ni nani? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, ambayo ndiyo tunayoifuata leo, yajibu waziwazi. Parokia iliyoundwa kwa halali huhesabiwa mbele ya sheria ya Kanisa kana kwamba ni mtu mmoja: yaweza kuwa na mali, yaweza kuwa na deni. Na anayesimama kwa niaba yake katika mambo yote ya sheria ni paroko (kanuni 532). Kwa hiyo, shule ikiwa ni mali ya parokia, basi mikataba, kiwanja na deni la mabati huwa juu ya parokia, na paroko ndiye aulizwaye. Lakini yeye naye hafanyi apendavyo. Hawezi kuuza kiwanja cha shule bila kufuata taratibu na ruhusa zilizowekwa. Askofu ana haki ya kuzikagua shule za Kikatoliki katika jimbo lake, hata zile za mashirika ya watawa (kanuni 806), na ana haki ya kuwakubali walimu wa dini, au kuwaondoa ikiwa imani au mwenendo wadai hivyo (kanuni 805). Wala shule yo yote haiwezi kujiita ya Kikatoliki pasipo idhini ya mamlaka ya Kanisa, hata kama kwa kweli ni ya Kikatoliki.

Hapo mtu atauliza: ikiwa paroko ndiye aamuaye, na Askofu ndiye asimamiaye, Baraza limetoka wapi? Sheria hiyo hiyo yadai kila parokia iwe na Kamati ya Fedha (kanuni 537). Halmashauri ya Parokia huwapo pale ambapo Askofu, baada ya kuwasikiliza mapadre wake katika baraza lao, ameona yafaa (kanuni 536), nayo yatoa ushauri tu. Baraza la Elimu halikutajwa kwa jina. Lakini msifikiri kwamba laning'inia hewani. Kanuni 796 yasema kwamba walimu washirikiane sana na wazazi, wawasikilize kwa moyo, na vianzishwe vyama au mikutano ya wazazi, navyo vithaminiwe sana. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwaita wazazi waalimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Huo ndio mzizi. Na shina lake ni katiba iliyoandikwa na kuthibitishwa jimboni. Baraza lisilo na katiba si baraza, ni kikao cha marafiki wa paroko. Akihamishwa paroko, nalo hufa.

Mahali ambapo mabaraza haya yamejaribiwa sana ni Marekani, na sababu yake yatufaa kuijua. Mwaka 1884 maaskofu wa nchi ile, katika mtaguso wao wa tatu wa Baltimore, waliagiza kwamba kila kanisa la parokia lijengewe shule karibu nalo, na muda uliowekwa ulikuwa miaka 2. Shule zikawa nyingi sana. Katikati ya miaka ya 1960 watoto walipita milioni 5. Waliofundisha wengi walikuwa masista, ambao ujira wao ulikuwa mdogo mno. Kisha masista wakapungua, walimu walei wakaingia, nao wana wake na waume na watoto wa kulisha. Gharama ikapanda, na ada ikapanda pamoja nayo. Leo watoto wale wamepungua, hawafiki hata milioni 2. Ndipo paroko alipoona kwamba hawezi tena kuendesha shule akiwa na sista mkuu peke yake, akawaita walei: mhasibu, mwanasheria, mama wa watoto wanne. Wakafundishwa kupambanua baraza la ushauri na baraza lililopewa mamlaka ya mambo fulani. La pili laweza kuamua katika mipaka iliyoandikwa. La kwanza haliamui. Shule nyingi za parokia zina lile la kwanza.

Sisi tumepita njia nyingine. Huku Tanzania shule nyingi za misioni zilitwaliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970. Tulipoanza tena kujenga shule zetu, waliokumbuka jinsi zilivyoendeshwa walikuwa wamezeeka. Ndiyo maana nasisitiza mambo ambayo mtu mwingine angeyaona madogo.

Sasa nafika kwenye kiini. Kushauri ni nini? Kanuni 127 yanena juu ya mambo ambayo sheria yadai mkubwa aombe ushauri kabla ya kutenda. Yasema kwamba akitenda bila kuwasikiliza wale aliopaswa kuwasikiliza, tendo lake ni batili. Si baya tu, ni batili, yaani ni kama halikufanyika. Akiisha kuwasikiliza, hafungwi kuyafuata maneno yao, hata wote wakisema neno moja. Lakini asiyaache, hasa wakiwa wamekubaliana wote, isipokuwa ana sababu ambayo mwenyewe aiona kuwa nzito kupita maneno yao. Na washauri nao wamefungwa: watoe maoni yao kwa unyofu, na, ikiwa jambo ni zito, watunze siri.

Ni kweli, kwa kuwa Baraza la Elimu halikutajwa katika sheria ya Kanisa lote, kanuni hiyo haimbani paroko kwa Baraza hili vile imbanavyo kwa mengine. Lakini Askofu aweza kuandika katika katiba ya jimbo kwamba katika mambo fulani lazima paroko alisikilize Baraza kwanza. Kwa shauri langu, mambo hayo yasiwe mengi, ila yawe mazito: makadirio ya fedha ya mwaka, kupandisha ada, kumtafuta mwalimu mkuu mpya, kujenga, na kuifunga shule au darasa lake.

Desturi hii si ngeni katika Kanisa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo wamisionari Wabenedikto walikuja nayo Pugu mwaka 1888, yamwagiza abate awaite ndugu wote panapotokea jambo kubwa, hata walio wadogo, asikilize, kisha aamue yeye. Na katika Maandiko mwamjua Rehoboamu, mwana wa Sulemani. Yeye aliomba ushauri; hatuwezi kusema hakuomba. Wazee wakamwambia awapunguzie watu mzigo. Akawaacha, akawafuata vijana aliokua nao, waliomwambia yale aliyotaka kuyasikia. Makabila kumi yakamwacha. Angalieni basi: kuuliza peke yake hakutoshi, ikiwa mtu amekwisha kuchagua wa kumjibu.

Nitatoa mfano, nao ni wa kubuni, mtu asitafute ni parokia gani. Tuseme shule ina watoto 300, na hesabu ya mwaka ujao yaonyesha upungufu wa shilingi milioni 18. Paroko achukua kalamu, agawanya, aona kwamba kila mtoto akiongezewa shilingi 60,000 upungufu umekwisha. Hesabu ni sahihi. Siku ya Dominika atangaza baada ya Misa. Lakini mama mmoja, kama angeulizwa, angemwambia kwamba katika kijiji chake kuna nyumba nyingi zenye watoto watatu shuleni, na kwamba elfu 60 mara tatu, zikidaiwa mwezi wa Januari kabla ya mavuno, haziwezekani. Watoto 40 wanaondoka. Sasa nyongeza yaleta milioni 15 na laki 6 tu. Tena ada yote ya wale 40 imekwenda pamoja nao, na mishahara ya walimu ni ile ile. Upungufu umekuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Baraza lingalisikilizwa, huenda nyongeza ingalikuwa ile ile, ila ingalilipwa kwa awamu tatu, na nyumba zenye watoto wengi zingalipunguziwa. Na kama paroko angaliona kwamba haiwezekani kulipa kwa awamu, angalirudi kwenye Baraza na kusema kwa nini. Kule kurudi na kusema sababu ndiko kunakoshikilia imani ya watu. Mimi nakuhesabu kuwa sehemu kubwa kuliko zote ya utawala wa Baraza.

Kwa upande wa wajumbe, sitakaa sana. Saba hadi kumi na wawili watosha. Paroko yumo kwa cheo chake, na mwalimu mkuu kadhalika, ila mwalimu mkuu hapigi kura, maana maneno yanenwayo mara nyingi yahusu kazi yake. Wengine ni wazazi, na waumini wasio na mtoto shuleni lakini wenye ujuzi wa fedha, ujenzi, sheria au afya. Muda wa miaka 3 wafaa, na kila mwaka theluthi watoke, ili wasiondoke wote siku moja na kumbukumbu zao. Mwalimu aajiriwaye na shule hiyo, au mwenye duka auzaye unga na maharage kwa shule, asiwe mjumbe. Si kwamba hatumwamini, bali tusimweke mahali pa kujaribiwa.

Mpaka ulio mgumu kuliko yote ni ule kati ya Baraza na mwalimu mkuu. Baraza lashauri juu ya mwongozo, mwalimu mkuu aendesha. Baraza laweza kusema kwamba shule iwe na utaratibu ulioandikwa wa adhabu. Haliwezi kukaa kuamua kama mtoto fulani aadhibiwe. Tena Baraza lina sauti likiwa limekutana tu. Mjumbe akitoka mlangoni ni mzazi kama wengine, hana ruhusa ya kuingia darasani kukagua madaftari. Mzazi akimletea mjumbe malalamiko juu ya mwalimu, jibu jema ni moja: "Umekwisha kusema naye?" Kisha mwalimu mkuu, kisha paroko, kisha Ofisi ya Elimu ya Jimbo. Mwalimu aliyeonewa naye njia yake ni hiyo hiyo, na mwishoni aweza kukata rufani kwa Askofu. Ila jambo la kumdhuru mtoto halingojei ngazi hizi: lapelekwa mara moja kwa wakubwa wa Kanisa na wa serikali.

Msichanganye Baraza hili na vyombo ambavyo sheria ya nchi yaviagiza. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, wana Bodi za Usimamizi zenye wazazi 6 waliochaguliwa na wajumbe 3 wa mfadhili, naye mara nyingi ni Kanisa. Bodi hiyo ina mamlaka kutoka kwa serikali. Baraza la parokia halina, wala lisijidai.

Yabaki neno la kumbukumbu. Katibu aandike kila kikao: nani alikuwapo, nini kiliulizwa, Baraza lilisema nini, paroko aliamua nini na kwa sababu gani. Maneno ya siri yaandikwe kando. Mara moja kwa mwaka hesabu ya shule isomwe mbele ya waumini, maana sheria yataka watu wapewe hesabu ya mali waliyoitoa kwa Kanisa (kanuni 1287). Na daftari likae katika ofisi ya parokia, lisikae nyumbani kwa katibu, ili paroko mpya afikapo alikute mezani.