Kanali na Mlango wa Nyumba Yake: Siri za Familia katika Wasifu wa Askari



Mwenzangu mmoja ninayemheshimu, na nadhani yumo humu ukumbini, ameandika kwamba mwandishi wa wasifu wa askari anapaswa kuishia getini. Vita, amri na nishani ni mali ya taifa. Ndoa, ulevi na watoto wa nje ni mambo ya familia, na anayeyaingilia ni mdaku mwenye shahada. Akakumbusha kwamba tumelelewa kusitiriana, na kwamba maiti hana mdomo wa kujitetea.

Usiku huu nataka kuling'oa geti hilo, na nitamtumia mtu mmoja tu: Kanali Richard Meinertzhagen.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1878. Mwaka 1902 alifika Kenya na Keya, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, na tarehe 19 Oktoba 1905 aliongoza mauaji ya Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Mabaraza ya uchunguzi yalimsafisha, kisha akaondolewa Kenya. Novemba 1914 alikuwa Tanga, Waingereza walipotimuliwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani. Alifariki mwaka 1967 akiwa shujaa, mpelelezi mashuhuri na bingwa wa ndege.

Sifa hizo karibu zote zinategemea shajara zake, na hapa mnivumilie, maana hakuna nyaraka ninazozipenda kama hizi. Ni zaidi ya majuzuu 70, yamehifadhiwa Oxford, na yamepigwa taipu. Daftari lililoshonwa, ukinyofoa ukurasa, linabaki na kovu. Karatasi za taipu unachomoa moja, unachomeka nyingine, na tarehe inabaki ileile. Watafiti waliozikagua wameonyesha kwamba ziko kurasa zilizoandikwa miaka mingi baada ya tarehe zilizo juu yake. Lakini jamaa anajua kusimulia! Anaua mtu, na aya inayofuata anahesabu swala. Anawasema wakubwa wake kwa ukali ambao ofisa kijana hathubutu hata kuuwaza, na wakati ukipita inaonekana kila mara yeye ndiye aliyekuwa na haki. Imani yangu, ambayo siwezi kuithibitisha na sitaiacha, ni kwamba ile habari ya Oktoba 1905 tunayoisoma leo si sauti ya kijana wa miaka 27. Ni sauti ya mzee anayejitengenezea ushahidi.

Sasa turudi getini. Meinertzhagen mwenyewe anasimulia kwa fahari jinsi watu wake wa upelelezi, wakati wa vita vya Afrika Mashariki, walivyookota karatasi katika vyoo vya maofisa wa Kijerumani: amri, barua, hesabu, zote zikiwa zimeshatumika chooni. Zilioshwa, zikasomwa. Na huyu ndiye mtu ambaye tunaambiwa tugonge mlango wake kwa adabu na tukikosa jibu tuondoke!

Hoja nzito zaidi ni ya ndege. Kwa kipimo cha mwenzangu, kukusanya ndege ni starehe ya mtu nyumbani kwake, haihusiani na vita. Lakini ni wataalamu wa ndege waliogundua, baada ya kifo chake, kwamba aliiba vielelezo vya makumbusho, akabandika vibandiko vipya na kudai alivipata yeye, mahali ambapo hakuvipata. Wanahistoria wa vita walikuwa bado wanamnukuu. Hata ule mkoba wa nyaraka za uongo ulioangushwa Palestina mwaka 1917 ili Waturuki wauokote, aliodai ulikuwa ujanja wake, ulikuja kutiliwa shaka. Angeheshimiwa getini, tungekuwa tunaufundisha bado kama alivyousimulia.

Kuna mahali nakubaliana na mwenzangu. Mwaka 1928 mke wake Annie, naye mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi huko Scotland. Iliandikwa kuwa ni ajali. Brian Garfield, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kilichombomoa kanali, anaashiria kwamba huenda aliuawa. Mimi ningeandika kifo, ningeandika uamuzi uliotolewa, kisha ningenyamaza. Mtu akithibitika mwongo hajathibitika muuaji wa mkewe.

Nanyamaza mahali pengine pia. Niliwahi kuombwa na familia moja niandike maisha ya baba yao, sajini wa Keya aliyepitia Ceylon kabla ya Burma. Ndani ya sanduku la bati, chini ya kitabu chake cha malipo, nilikuta picha ya mama wa huko amempakata mtoto. Kaka mkubwa akaitazama, akasema, "Mwalimu, hiyo iache." Nikaiacha. Mwenzangu ataniambia hapo najipinga. Hata kidogo. Mama yule na mtoto wake hawakuandika shajara wala hawakuomba taifa liwaamini, na picha ile haikubadilisha chochote katika habari ya vita vya sajini. Hao ndio wenye haki ya kusitiriwa. Kanali alipeleka siri zake maktaba kwa hiari yake, baada ya kuzipiga pasi.

Na kama geti hilo bado limesimama, nalisukuma kwa fimbo za Koitalel. Fimbo tatu za Orkoiyot zilikaa Uingereza kwa karibu karne nzima, hadi mwaka 2006 mtoto wa Meinertzhagen alipozirudisha Kenya. Ushahidi wa vita ulikuwa ndani ya nyumba muda wote huo, mali ya familia, upande uleule wa mlango ambao tunakatazwa kuuvuka. Na wakati huo nyumba ya pili haikusitiriwa na yeyote: Barsirian arap Manyei, mtoto wa Koitalel, aliwekwa kizuizini na serikali ya kikoloni kuanzia 1923 na kuachiwa baada ya uhuru. Wanandi wanasimulia kwamba kichwa cha baba yake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na hadi leo wanakidai.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekuja kwangu akitaka kuandika upya habari za kanali huyu, ninamtuma kwanza Kapsabet akakae na wazee wa Wanandi. Oxford ataenda baadaye, na nitamwandikia barua ya kumtambulisha.