BREKI HAZIKATIKI GHAFULA
Maneno juu ya magari madogo ya abiria katika njia ya Kisaju



Kila siku kabla ya jua kuchomoza, watu husimama kando ya barabara kuu huko Kisaju, katika Kajiado, wakingoja gari la kuwapeleka Kitengela au Nairobi. Yuko karani, yuko mwashi mwenye mfuko wa vyombo vyake, yuko mtoto wa shule, na yuko mama mwenye madumu ya maziwa ambayo yasipofika mapema yatachacha. Gari likija huwa mara nyingi ni lile dogo la viti 14. Mlango hufunguliwa, watu huingia kwa haraka, na makanga hugonga bati mara mbili. Hakuna hata mmoja aliyetazama magurudumu.

Njia yenyewe ni nzuri, na uzuri wake ni sehemu ya hatari. Yatoka Namanga, mpakani mwa Tanzania, yapita Bisil, Kajiado na Isinya, kisha Kisaju na Kitengela, hata kufika Athi River. Katika mbuga za Kaputei njia imenyooka, na dereva huvutwa kwenda mbio. Lakini njia hiyo ndiyo ya malori makubwa ya mizigo, na ndiyo ya ng'ombe wanaovushwa kwenda kunywa maji, na mara kwa mara ya pundamilia pia. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa, nao ndio mwisho wa mwendo ulioruhusiwa na sheria kwa magari ya abiria, hupita metre 22 kila sekunde. Kabla dereva hajatambua kwamba ng'ombe amegeuka barabarani na kuuweka mguu wake juu ya breki, zile metre 22 zimekwisha pita. Baada ya hapo kila kitu hutegemea vyombo ambavyo abiria hawezi kuviona.

Ajali ikiisha kutokea, neno linalosikiwa mara nyingi ni kwamba breki zilikatika. Husemwa kana kwamba ni radi iliyoshuka kutoka mbinguni. Fundi ye yote mwenye kuijua kazi yake atacheka, au pengine atasikitika, kwa kuwa breki ni chombo chenye tabia ya kuonya. Hupiga kelele ya chuma kwa chuma wakati vitambaa vyake vimekwisha. Huvuta gari upande mmoja. Kanyagio lake hushuka chini kidogo leo, na kesho kidogo tena, mpaka dereva anazoea kulikanyaga mara mbili tatu ndipo lishike. Dereva akisema kwamba gari lake "lataka kupampu", amekwisha kukiri kwamba breki zake ni mbovu, ila hajui kwamba amekiri.

Lipo jambo moja juu ya breki lisilojulikana na wengi, nalo lafaa kuelezwa kwa kirefu. Katika magari haya madogo, nguvu ya mguu wa dereva huchukuliwa mpaka kwenye magurudumu na mafuta yaliyo ndani ya mabomba membamba. Mafuta hayo si kama mafuta ya injini. Yana desturi ya kunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, hata yakiwa yamefunikwa. Kwa hiyo yakikaa miaka bila kubadilishwa huwa yamechanganyika na maji. Sasa gari likipakiwa kupita kiasi na kufunga breki mara kwa mara, chuma cha breki hupata moto mkali, na moto huo huyafikia mafuta. Maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke. Mafuta hayakubali kubanwa, lakini mvuke hukubali. Basi dereva hukanyaga, na nguvu yake yote huishia katika kuubana mvuke, na gari haliwi na habari. Baada ya nusu saa, vyombo vimepoa, na kanyagio ni gumu tena kama kawaida! Mkaguzi akija aweza kuona breki nzima, na dereva akaonekana mwongo, hali hakusema uongo. Dawa yake ni kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya kwa wakati wake, kazi ya saa moja au mbili kwa fundi.

Mipira ya magurudumu nayo ina maneno yake. Watu wengi hutazama kama mpira una upara, na ni vema kutazama hivyo, lakini mpira wenye meno mazuri waweza kuwa mzee. Ubavuni mwa kila mpira zipo tarakimu nne katika kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiandikwa 2315, mpira huo ulitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2015, hata kama uliuzwa jana na bado unang'aa. Mpira mzee hupasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni, na jua la Kajiado halimsaidii mzee huyo. Ukiongezewa ubaya wa kutojazwa upepo wa kutosha, ubavu wake hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, hupata joto, na tabaka zake huachana. Ukipasuka mpira wa mbele gari likiwa katika mwendo wa kilometa 100, usukani huvutwa kwa nguvu upande ule, na dereva asiyezoea jambo hilo hufunga breki kwa hofu, jambo ambalo hulizidishia gari kuyumba.

Juu ya usukani na bolijointi yatosha kusema hivi: gari ambalo dereva wake huzungusha usukani kushoto na kulia bila kukoma, ijapokuwa njia imenyooka, halifai kuchukua hata mbuzi.

Pengine mtu atauliza kwa nini magari haya yana taabu nyingi namna hii. Sehemu ya jibu imo katika asili yake. Matatu zilipoanza kuonekana Nairobi, miaka ile iliyo karibu na Uhuru, zilikuwa gari chakavu zilizotoza senti 30, na neno lenyewe ni hesabu ya tatu kwa Kikikuyu. Zilikimbia bila leseni ya kuchukua abiria, mpaka Mzee Jomo Kenyatta alipozipa ruhusa mwaka 1973. Baadaye, mwaka 1984, sheria ilibadilishwa ili ziandikishwe na kukaguliwa. Tangu mwanzo, basi, gari lilitangulia na ukaguzi ukafuata nyuma.

Sehemu ya pili ya jibu yatoka mbali. Mengi katika magari haya yalitengenezwa Japani kwa kazi ya kuchukua bidhaa. Huko Japani gari la mizigo la namna hiyo, likiisha kupita miaka yake miwili ya kwanza, hupelekwa kwenye ukaguzi wa Serikali kila mwaka, na mwenyewe akichoka na gharama huliuza. Ndipo linapopakiwa melini kuja Mombasa, kwa kuwa Kenya huruhusu gari lililotumika lisilozidi umri wa miaka minane. Likifika, bati la ubavuni hukatwa likatiwa madirisha, na sakafu iliyokusudiwa kubeba makasha hutobolewa ili kufungwa viti. Kazi hii yaweza kufanywa vizuri, na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, limeweka kipimo chake katika kanuni iitwayo KS 372. Lakini yaweza pia kufanywa vibaya uani mwa mtu, na kwa macho viti vyafanana. Tofauti hujulikana siku ya mgongano, wakati kiti kinapong'oka pamoja na mkanda wake na mtu aliyefungwa ndani yake.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna lililofanywa. Kanuni zilizotolewa mwaka 2003, ambazo watu wote huziita za Michuki kwa jina la Waziri wa wakati ule, Bwana John Michuki, zilianza kutiwa nguvu tarehe 1 Februari 2004. Kila kiti kilipaswa kuwa na mkanda, kila gari kifaa cha kuzuia mwendo kisipite kilometa 80, na gari lililokuwa likichukua watu 18 likarudishwa kwenye 14. Siku zile watu wengi walikwenda kazini kwa miguu, maana magari yaliyotimiza masharti yalikuwa machache. Walinung'unika, lakini wengi walisema hatua hiyo ilistahili. Mwaka 2012 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, na kanuni za mwaka 2014 zikawataka wenye magari wajiunge katika vyama au makampuni. Gari la abiria hupaswa kukaguliwa kila mwaka. Na kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki hukataza gari bovu kutumika barabarani.

Hata hivyo, katika kila mwaka tangu 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Si wote waliouawa na ubovu wa magari. Mwendo wa kasi, ulevi na kupita mengine pasipofaa viliua wengi. Lakini mambo haya hayakai mbali mbali. Mwendo wa kasi na breki mbovu hukutana katika sekunde moja.

Ugumu umo katika hesabu ya siku. Mwenye gari hutaka kiasi fulani cha fedha kila jioni, na kinachozidi ndicho cha dereva na makanga. Kanuni za 2003 ziliagiza waajiriwe kwa mshahara wa mwezi, lakini desturi ya hesabu haikuondoka. Basi dereva anayesikia kelele ya chuma asubuhi ana njia mbili. Akienda gereji, atakosa safari tatu au nne, mwenye gari atauliza fedha zake, na watoto watalala na njaa. Akiendelea, huenda asipatwe na jambo leo. Wala mwenye gari si lazima awe tajiri mkatili. Wengine ni walimu au wafanya biashara wadogo waliokopa katika benki, na mkopo haungoji breki zitengenezwe. Ndiyo maana pia husikika habari za matairi ya kuazima, yanayofungwa siku ya ukaguzi na kurudishwa kwa mwenyewe siku ya pili. Na katika maduka ya vyombo vya magari, kama yale ya Kirinyaga Road Nairobi, ambako wazee bado wanakuita Grogan, fundi hana budi kujua kutofautisha vyombo vya asili na vya kuiga, maana kisanduku pekee hakitoshi kuwa shahidi.

Anayebaki ni abiria. Naye amezoeshwa kunyamaza. Akisema, "Dereva, punguza mwendo," au "Mlango huu haufungi," hujibiwa kwamba akiogopa anunue lake. Wenzake hucheka kidogo, au hutazama nje dirishani. Fikirini yule mama wa maziwa wa Kisaju. Amesikia kelele ile ya chuma tangu alipopanda, kwa maana jana pia alikaa kiti kile kile. Anajua kwamba akishushwa mbugani hakuna gari jingine la karibu, na maziwa yatachacha. Kwa hiyo hunyamaza, naye si mjinga. Amepima hasara mbili akachagua ile iliyo mbali. Lakini watu 14 wakisema kwa pamoja, hasara huwa ya dereva, maana hawezi kuwashusha wote na nauli zao.

Na malalamiko yakipelekwa, yapelekwe kwa namna ambayo mtu aweza kuyafanyia kazi. Askari wa barabarani, au ofisi ya chama cha gari, au NTSA, akiambiwa kwamba magari ya Kitengela ni mabovu, hana la kufanya ila kutikisa kichwa. Akiambiwa namba ya gari, jina la chama lililoandikwa ubavuni, tarehe na saa, mahali lilipotoka na lilipokuwa likienda, na jambo lililoonekana au kusikiwa, kwa mfano kwamba mpira wa nyuma kushoto umeonyesha nyuzi, au kwamba kiti cha tatu kimelegea sakafuni, basi anajua gari gani la kusimamisha na aangalie wapi. Jambo lililoonekana na liandikwe kama lilivyoonekana, bila kuongeza chumvi. Abiria wawili watatu wakitia majina yao ni bora kuliko mmoja, na nakala ibaki kwao.

Kwa madereva, wako walio na desturi ya kuweka kijitabu cha gari ndani ya kisanduku cha mbele: siku mafuta ya breki yalipobadilishwa, siku vitambaa vilipotiwa, jina la fundi, na kila alipomwambia mwenye gari juu ya ubovu na jibu alilopewa. Kijitabu hicho hununuliwa kwa shilingi chache. Dereva aliye nacho hulizunguka gari lake alfajiri kwa dakika kumi akiwa na tochi, hugusa nati za kila gurudumu, hutazama kama kuna unyevu wa mafuta ndani ya magurudumu, na hukanyaga breki kwa nguvu kabla ya kutia gia. Kanyagio likizama, huandika, huzima injini, na hupiga simu kwa mwenye gari angali mbali na watu wanaongoja Kisaju.