Mgonjwa Aliye Kifungoni na Haki ya Dawa



Tunapozungumzia magereza, mara nyingi twataja msongamano na chakula. Leo twataka kutaja homa ya ini aina ya C. Virusi vyake, vilivyotambuliwa mwaka 1989, huambukizwa kwa damu: kwa sindano zinazopokezanwa, kwa wembe mmoja unaonyoa watu wengi, kwa vifaa vichafu vya kuchorea mwili. Haviambukizwi kwa kula sahani moja wala kwa kushikana mikono. Mgonjwa aweza kukaa miaka mingi bila dalili, huku ini likijaa makovu polepole, pengine hata kupata saratani.

Ugonjwa huu hauna chanjo, lakini unapona. Tangu mwishoni mwa 2013 vipo vidonge ambavyo, vikimezwa kwa majuma 8 hadi 12, huponya zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10. Hapo ndipo suala la afya linapogeuka kuwa suala la haki, na mfano ulio wazi twaupata Marekani, ambako wafungwa wamelifikisha mahakamani.

Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili, inayokatazwa na Katiba. Lakini dozi ya dawa hiyo mpya ilianza kuuzwa dola 84,000. Katika jimbo la Florida, hadi 2017, wafungwa wasiopungua 7,000 walijulikana kuwa na virusi. Waliotibiwa walikuwa 13. Kumi na watatu tu! Jaji aliamuru watibiwe. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ikasema wale ambao ini lao halijaharibika sana waweza kufuatiliwa tu, bila dawa. Sisi twaona vigumu kuutetea uamuzi huo, kwani mfungwa hawezi kutoka kwenda kujinunulia.

Jimbo la Louisiana lilipita njia nyingine. Mwaka 2019 lilipatana na mtengenezaji kulipa kiasi maalum kila mwaka na kupewa dawa kadiri ya mahitaji, kwa maskini walio uraiani na kwa wafungwa pia.

Tunapotembelea magereza yetu, basi, tusiishie kwenye sabuni na sukari. Tumwulize mkuu wa gereza, kwa heshima: Je, kila mfungwa ana wembe wake? Aingiaye hupimwa? Na mahabusu akiachiwa kabla ya kumaliza dozi, nani humwandikia barua ya kuendelea na matibabu katika hospitali ya nje?