Kujifunza Cigogo kwa Njia ya Kiswahili: Vitabu Tulivyo Navyo na Kile Tunachokosa

Mbukwenyi!

Salamu hiyo anaijua kila aliyekaa Dodoma hata mwezi mmoja. Swali langu la leo ni hili: anayetaka kuvuka salamu, akaijua lugha yenyewe, Cigogo, lugha ya Wagogo, aanzie wapi?

Swali hili sasa lina uzito mpya. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulitolewa mwaka 1973, lakini watumishi walianza kumiminika kwa wingi baada ya 2016, na mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Sokoni na ofisini Kiswahili kinawatosha wageni hawa. Vijijini mambo hubadilika. Muuguzi wa zahanati anamuuliza bibi maumivu yameanzia wapi. Bibi anajibu kwa Cigogo, na mkalimani ni mjukuu wa miaka tisa. Yapo maswali ambayo mtu mzima haulizwi kupitia kinywa cha mtoto. Muuguzi anayaruka, na bibi anarudi nyumbani na nusu ya ugonjwa wake haujasemwa.

Yuko pia mwanafunzi wa aina ya pili: kijana wa Kigogo aliyekulia mjini, Area C au Kikuyu, ambaye bibi yake akimkaripia anaelewa kila neno, ila kumjibu hawezi.

Vitabu vipo

Wengi hudhani kwamba lugha za uwanda huu hazijaandikwa. Zimeandikwa, tena zamani. Msamiati wa Cigogo uliokusanywa na George Clark ulichapishwa London mwaka 1877. Mwaka 1941 O. T. Cordell alitoa sarufi yenye mazoezi, iliyochapishwa Mpwapwa na wamisionari wa Kianglikana. Biblia nzima ya Cigogo ilitoka mwaka 1962. Kabla yake, mwaka 1954, Mathias Mnyampala, tunayemjua zaidi kwa ngonjera zake, alikuwa amekwisha kuandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha kamusi ya Profesa Josephat Rugemalira ya Cigogo, Kiswahili na Kiingereza.

Kaskazini mwetu, Kondoa na Chemba, kuna utajiri mkubwa zaidi. Kwa safari ya siku moja ya gari unapita kwa Warangi, wenye lugha ya Kibantu. Kwa Waburunge na Waalagwa, wenye lugha za Kikushi. Kwa Wabarbaig, ambao ni Waniloti. Na kwa Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko na haimo katika makundi hayo matatu. Wanaisimu wa dunia wamezifuata hukohuko. Kagaya alichapisha msamiati wa Kisandawe huko Tokyo mwaka 1993. Kießling alitoa sarufi ya Kiburunge mwaka 1994, Dunham akaeleza Kirangi mwaka 2005, na Steeman akamaliza sarufi ya Kisandawe katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 2012.

Viliandikwa kwa ajili ya nani?

Hapo ndipo penye kasoro. Wamisionari waliwaandikia wamisionari wenzao, na wanaisimu wanawaandikia wanaisimu. Sarufi ya Kiburunge imeandikwa kwa Kijerumani, kitabu cha Kirangi kwa Kifaransa, na vya Kisandawe kwa Kiingereza. Kamusi ya 2009 inakijua Kiswahili, nayo ni hazina, lakini kamusi humfaa aliyekwisha kuanza safari. Katika orodha yote niliyoitaja, hakuna kitabu cha masomo ya hatua kwa hatua kilichoandikwa kwa Kiswahili ili kumfundisha Mtanzania anayesema Kiswahili.

Tutazame Kiquechua, lugha ya milima ya Andes yenye mamilioni ya wasemaji. Nayo ilianza kama zetu: sarufi yake ya kwanza, ya mtawa Domingo de Santo Tomás, ilichapishwa Hispania mwaka 1560 kwa ajili ya wahubiri. Leo anayeitaka anapata vitabu vya masomo kwa Kihispania, lugha ambayo jirani wa Mquechua anaisema. Mwaka 1975 Peru iliifanya kuwa lugha rasmi, na sheria ya mwaka 2011 ikampa raia haki ya kuhudumiwa kwa lugha yake ya asili. Ofisa wa Peru anayo sababu ya kufungua kitabu.

Mswahili anahitaji nini?

Msomaji wa Cordell alikuwa Mwingereza, na ilimlazimu kufundishwa ngeli kwa subira. Sisi tunazo tayari. Anayesema *mtu* na *watu*, *kiti* na *viti*, atazizoea mu- na wa-, ci- na vi- kwa jioni moja. Muda wake autumie kwenye toni, ambayo Kiswahili hakina, na kwenye nazali zinazotoka na pumzi. Itazameni kata ya Ng'hong'onha hapa Dodoma, jirani na chuo kikuu, walikopanga wanafunzi wengi: ile h inaandikwa kwenye vibao, lakini sisi wageni tukilitamka jina tunaimeza.

Kirangi kina mitego mingine. Kina irabu saba, na katika wakati ujao kitenzi kikuu hutangulia, kisaidizi kikafuata. Kwa Kisandawe Mswahili hana mtaji wowote: ngeli hakuna, nomino zina jinsi ya kiume na ya kike, na vidoko havijifunzwi kwa macho. Kila lugha, basi, inadai kitabu chake.

La kufanya

Ruhusa tunayo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza uandishi wa kamusi na sarufi za lugha za jamii, na uchapishaji wake. Tuanze na masomo thelathini ya Cigogo, yanayopita zahanatini, shambani, zizini na msibani. Kila somo lirekodiwe na wasemaji wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa, wake kwa waume, na faili ziwe ndogo kiasi cha kutumwa kwa WhatsApp. Nyimbo alizozipeleka marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kwenye majukwaa ya dunia zitumike pia, lakini pamoja na mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa wimbo hufuata mahadhi yake, si toni ya maneno. Wazee watakaofundisha walipwe kama walimu, na majina yao yakae kwenye jalada.

Kazi hii haihitaji kusubiri mfadhili. Kila mwaka wanafunzi wa isimu huandika tasnifu kuhusu lugha hizi. Kila tasnifu na iambatane na masomo matatu kwa Kiswahili, yaliyojaribiwa kwa wanafunzi halisi na kusahihishwa na wazee. Zikifika tasnifu kumi za lugha moja, kitabu kimekamilika. Pendekezo hilo naliweka mbele ya wakuu wa idara waliomo ukumbini, na ningependa wanijibu katika kipindi cha maswali.