Marlon Green: Rubani Aliyenyimwa Usukani



Nimeombwa niseme machache katika kumkumbuka askari wa zamani aliyepata kuwa rubani wa ndege za abiria. Nimemchagua Marlon Green, Mmarekani mweusi, ambaye huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Huyu hakutungua ndege ya adui, wala hakusifiwa kwa kuishusha salama ndege iliyowaka moto angani. Vita yake kubwa aliipigana ardhini, akiwa amekwisha vua sare ya jeshi.

Alizaliwa mwaka 1929 mjini El Dorado, katika jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani, mahali ambapo mtu mweusi alitengwa shuleni na garini kwa nguvu ya sheria. Mwaka 1948 Rais Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi katika majeshi ya nchi hiyo. Amri haibadili mioyo ya watu kwa siku moja. Hata hivyo ilifungua mlango, na kijana Green alikuwa miongoni mwa walioingia. Alitumikia Jeshi la Anga kwa miaka tisa. Alirusha ndege za kutupa mabomu, kisha akapelekwa Japani katika kazi ya uokoaji, akirusha ndege zile zenye uwezo wa kutua majini. Mtu aliyekabidhiwa chombo cha injini mbili akishushe juu ya mawimbi ili aokoe roho za wenziwe, sidhani kama bado inafaa kumwuliza iwapo anaijua kazi yake.

Lakini aliulizwa. Mwaka 1957 aliacha jeshi, akiwa na mke na watoto wa kulisha, akaomba kazi katika makampuni ya ndege. Majibu yalikuwa ya kukataliwa tu. Fomu za maombi ziliuliza rangi ya mwombaji na kutaka picha yake. Alipoiandikia kampuni ya Continental Airlines aliliacha wazi swali la rangi, na picha hakuipeleka. Kampuni ilisoma habari za ujuzi wake, saa zaidi ya 3,000 za kuruka, ikamwita Denver, katika jimbo la Colorado, kwa majaribio. Waliompokea wakaona kile ambacho karatasi haikuwaambia. Majaribio aliyafanya vizuri; waliochukuliwa ni weupe waliokuwa na saa chache kuliko zake.

Mwaka huo huo Colorado ilikuwa imepitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika ajira. Green alipeleka malalamiko kwa tume ya jimbo. Mwaka 1958 tume iliamua kwamba sababu pekee ya kukataliwa kwake ilikuwa rangi yake, ikaiamuru kampuni impe nafasi ya kwanza katika mafunzo yatakayofuata. Kampuni ikaenda mahakamani.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Uwezo wa Green haukuwa tena jambo la kubishaniwa. Hoja iliyoletwa ni kwamba ndege huvuka mipaka ya majimbo, na kwa hiyo jimbo moja halina mamlaka ya kuiwekea kampuni ya namna hiyo masharti ya ajira, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuitwisha mzigo biashara ya nchi nzima. Hoja hii haikuwa mpya. Mwaka 1878 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitumia kuifuta sheria ya Louisiana iliyokataza kuwatenga abiria, katika kesi ya mama mmoja, Josephine DeCuir, aliyenyimwa nafasi katika chumba cha wanawake weupe ndani ya meli ya mto Mississippi. Miaka 80 baadaye meli imekuwa ndege, abiria amekuwa rubani, na hoja ni ile ile. Mahakama ya Denver iliikubali, na mwaka 1962 mahakama ya juu ya Colorado nayo ikaikubali.

Tarehe 22 Aprili, 1963, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa, na majaji wote walikuwa na kauli moja. Ilisema kwamba kwa wakati huo hakuna jimbo lililoweza tena kuamuru kihalali kwamba mtu akataliwe kazi kwa rangi yake. Basi mzigo wa masharti yanayogongana ungetoka wapi? Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Hugo Black wa Alabama, ambaye alipata kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan. Dunia ina mambo yake.

Watu husimulia habari hii kana kwamba hukumu ilikuwa mwisho wake. Sivyo. Miaka sita ilikuwa imekwisha pita, na rubani huyo alikuwa ameihangaikia riziki ya nyumba yake kwa kazi za kubahatisha. Hata baada ya kushinda aliendelea kungoja. Mwaka 1964 American Airlines ilimwajiri David Harris, naye pia rubani wa zamani wa Jeshi la Anga, akawa rubani mweusi wa kwanza katika kampuni kubwa ya ndege za abiria nchini humo. Mlango aliougonga Green uliwapitisha wengine huku mwenyewe angali nje. Harris alifariki mwaka 2024, naye anastahili mazungumzo yake peke yake.

Green aliingia Continental mwezi Januari 1965. Mwaka uliofuata akawa kapteni, akarusha ndege za abiria hadi alipostaafu mwaka 1978. Ndoa yake haikudumu. Naitaja habari hiyo kwa sababu tuna desturi ya kuwakumbuka mashujaa kwa ushindi wao na kuisahau gharama, na katika nyumba ya mtu asiye na kazi gharama hiyo hulipwa na watu wengi.

Alifariki Denver mwezi Julai 2009, akiwa na umri wa miaka 80. Mwezi Februari 2010 kampuni ile ile iliyomkataa ilichukua ndege yake moja, Boeing 737, ikaandika jina lake ubavuni.