Mtoto wa Nani Wewe?

  Vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, naomba msitoke kabla sijamaliza. Maneno ya leo yanawahusu, na nataka myasikie kwa masikio yenu, msije mkasimuliwa.

Ndugu zangu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda, Kongo na Somalia, nimeombwa nizungumzie kero ambayo kila mmoja humu ana lake la kusema. Watoto wanapiga mpira koridoni saa nne usiku. Wanabonyeza vitufe vyote vya lifti wakakimbia, na mama mwenye mtoto mgongoni na mifuko mikononi akabaki anasimamishwa kila ghorofa. Wanagonga milango na kutoweka. Wakubwa kidogo wanajazana kwenye ngazi wakivuta bangi, na mzee akitaka kupita hawampishi. Sitawaambia haya ni madogo. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kusafisha ofisi za watu, usingizi ndio mtaji wake.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga. Wanaoijua Ngamiani wanajua kwamba barabara zake zinaitwa kwa namba: ya kwanza, ya pili, mpaka zinavuka ishirini. Barabara zilikuwa na namba, lakini watoto tulikuwa na majina. Ukirusha jiwe kwenye mwembe wa mtu barabara ya nane, mtu mzima wa kwanza kukuona alikuuliza, "Mtoto wa nani wewe?" Hapo miguu ililegea. Ulijua kwamba jibu litafika nyumbani kabla yako.

Hapa Regent Park, mtaa wetu huu nchini Canada, mambo yamegeuka. Barabara zina majina mazuri, Oak, Sumach, Sackville, na watoto ndio wamekuwa namba. "Wale wa ghorofa ya saba." "Wale wa jengo la pili." Tunawajua kwa kelele zao tu. Ninachowaomba jioni ya leo ni kwamba tulirudishe lile swali la kwetu.

Msidhani nawapamba wazee wetu. Swali lile mara nyingi lilifuatwa na fimbo, na fimbo nyingine zilivuka mpaka. Wala si kwamba kwetu hakuna watoto walioponyoka. Januari 2015 watu wa Dar es Salaam walifunga maduka na milango kwa hofu ya kundi la vijana wahalifu lililoitwa Panya Road. Vijana wale hawakushuka kutoka mbinguni. Walizaliwa na kukulia katika mitaa ile ile, na wengine walipita mbele ya baraza za watu kila siku kabla hawajapewa jina la panya.

Tutazame na hapa tulipo. Regent Park ilianza kujengwa mwaka 1948, ikawa mradi mkubwa kuliko yote wa nyumba za umma nchini Canada. Waliouchora walikuwa na nia njema. Walizikata barabara zilizopita katikati, wakaweka majengo juu ya nyasi, wakiamini watoto watacheza salama mbali na magari. Lakini barabara ikikatwa, mpita njia naye anakatika. Hapakuwa na duka wala mtu wa kutupia jicho, na pembe zile zikawa za yeyote aliyezitaka. Ndiyo maana ubomoaji na ujenzi mpya ulipoanza mwaka 2005, moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuzirudisha barabara. Leo tuna bwawa la kuogelea, uwanja wa michezo, ukumbi wa sanaa, na watoto wetu wanasoma shule yenye jina la Mandela.

Hata hivyo, ujenzi huo huo ulitutawanya. Familia zilihamishwa ili majengo yavunjwe, na zilizorudi nyingi zilirudi kwenye korido nyingine, mbele ya milango wasiyoijua. Pembeni wamekuja walionunua nyumba zao kwa fedha nyingi, ambao hawakuwahi kumwona mtoto wako akijifunza kutembea. Barabara zilirudi. Kujuana hakukurudi pamoja nazo, kwa sababu kujuana hakujengwi na mkandarasi.

Nawaambia na langu. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu, mama mtu mzima asiye wa kwetu, aliniambia kwamba mwanangu amerushia mayai dirisha lake. Sikumkaribisha ndani. Nilisimama mlangoni nikamjibu, "Mwanangu hawezi kufanya hivyo," nikaongeza kwamba anawaonea watoto weusi. Aliondoka kimya. Jioni nilifungua friji ili niandae chakula, nikakuta trei ya mayai niliyoinunua jana yake ina mashimo sita. Nilikaa chini. Halafu nikamshika mwanangu mkono tukaenda kwa yule mama, nikaomba radhi kabla ya mtoto kuomba. Mwanangu aliliosha lile dirisha mwenyewe. Tangu siku hiyo yule mama alimwita kwa jina, na mwanangu alimpokea mifuko kila alipomkuta kwenye lifti, mpaka mama yule alipohama.

Ubaguzi upo, na simlaumu mzazi anayeuhofia. Wapo wanaomwona kijana mweusi akicheka na wenzake watatu mlangoni, na kwao hilo tu ni kosa. Vijana wetu walisimamishwa na polisi barabarani na kuandikwa majina bila kosa kwa miaka mingi, hadi Ontario ikaweka kanuni za kuubana mtindo huo, zilizoanza kutumika Januari 2017. Kwa hiyo tukiupiga vita ubaguzi, tuupige kwa nguvu zote. Lakini tusiufanye pazia la kuficha trei ya mayai. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Na kilio chenyewe kipo karibu. Kwa sheria ya upangaji ya Ontario ya mwaka 2006, mpangaji anawajibika kwa mwenendo wa anaoishi nao, na hata wa wageni anaowaruhusu kuingia. Wakiwasumbua majirani kupita kiasi, mwenye nyumba anaweza kukupa notisi, na kwa notisi ya kwanza ya namna hiyo una siku 7 za kurekebisha. Usiporekebisha, unaweza kuitwa mbele ya baraza la wenye nyumba na wapangaji. Nyumba tuliyoisubiri miaka inaweza kuponyoka kwa mpira wa koridoni.

Ninyi mnaoshika simu upesi, nanyi nawaomba jambo. Sheria ya nchi hii juu ya makosa ya vijana, inayotumika tangu Aprili 2003, inawahusu wenye miaka 12 hadi 17. Inamtaka polisi, kabla ya kumfungulia kijana mashtaka, afikirie kwanza kama onyo linatosha, au kama kijana apelekwe kwenye programu ya jamii. Sasa, ikiwa polisi ameambiwa aanze na onyo, sisi majirani tunaanzaje na polisi?

Lakini tusichanganye mambo. Ukiona silaha, moto, au mtu anapigwa, piga 911 hapo hapo, usiulize mtoto wa nani. Na usimguse mtoto wa mwenzio. Kofi ambalo Tanga lingeitwa malezi, hapa linaitwa shambulio, na wewe ndiye utakayesimama mahakamani.

Kwa mengine yote, ninapendekeza tuchukue kitu tunachokijua. Tanzania tangu miaka ya 1960 tumekuwa na balozi wa nyumba kumi, mtu mmoja wa kuziangalia kaya za jirani zake. Kenya nao walianzisha mpango wao wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Korido zetu nyingi zina milango kumi au inayokaribia hapo. Kila korido ipate mtu mzima mmoja anayejua jina la kila mtoto wa milango ile, na namba ya simu ya mzazi wake. Asiwe mpelelezi wala hakimu. Kazi yake ni kugonga mlango kabla hasira haijaiva. Na anayegongewa amkaribishe, amwekee chai, asikilize mpaka mwisho ndipo ajibu.

Msiniambie mtaa huu hauwezi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha hapa Regent Park kilianzisha Pathways to Education, wakati zaidi ya nusu ya watoto wa hapa walikuwa wakiacha shule kabla ya kumaliza sekondari. Waliweka walimu wa masomo ya jioni, watu wazima wa kuwa karibu na kila mtoto, na nauli ya kufikia shule. Waliokuwa wakiacha shule walipungua sana, na mpango ule umeenea katika miji mingine ya Canada. Siri yake haikuwa kubwa: kila mtoto alikuwa na mtu mzima aliyejua kama leo ameingia darasani.

Vijana wangu wa mlangoni, nawashukuru kwa kuvumilia. Nimewapita kwenye ngazi mara nyingi nikiangalia chini, kana kwamba hamkuwepo. Nisameheni. Kuanzia kesho nitasimama, nitasalimia, na nitauliza mtoto wa nani wewe. Nataka jibu, kisha nataka nafasi ya kupita.

Nanyi wazazi, chakula kiko tayari, lakini kabla hujachukua sahani tafuta mtoto mmoja humu ndani usiyemzaa. Muulize jina lake, jina la mama yake, na mlango wao. Kesho ukilisikia lile vurugu koridoni, fungua mlango umwite kwa jina.